Mwajiri Akitoweka na Hati Zako

Mwezi wa Juni una desturi yake katika miji ya Kenya. Kuanzia wiki ya tatu hivi, vibanda vya kompyuta, vile ambavyo kila mtu huviita saiba, hujaa watu kutoka Gikomba hadi Mwembe Tayari hadi Kondele. Kila mmoja ameshika kitambulisho na bahasha ya makaratasi, na kila mmoja anataka kujaza hesabu ya mapato ya mwaka uliopita kabla ya tarehe 30 haijapita. Katika mlolongo huo hakosekani mtu ambaye bahasha yake ni nyepesi mno. Alifanya kazi mwaka jana, akakatwa kodi kila mwezi, lakini mwajiri hakumpa fomu ya P9. Pengine kampuni ilifunga milango usiku mmoja, pengine aliondoka kwa ugomvi na hathubutu kurudi, pengine karani wa mishahara amemwambia “njoo kesho” tangu Februari. Hajui hata namba ya PIN ya mwajiri huyo. Afanye nini?

Aghalabu kijana wa saiba humpa jibu la haraka: “Tujaze sufuri, mama, yaishe.” Ushauri huo hutolewa kwa nia njema na huchukua dakika tano. Nami nasema ni ushauri mbaya, na ndio hasa ulionifanya niandike safu hii ya leo. Ritani ya sufuri ni tamko kwamba katika mwaka mzima hukupata mapato yoyote ya kutozwa kodi. Ikiwa ulikuwa kazini hata miezi mitatu na kodi ikakatwa, tamko hilo si la kweli, na jina lililo chini yake ni lako wala si la kijana wa saiba.

Yafaa kwanza tuelewe kwa nini karatasi moja izue taabu kubwa namna hii. Kodi ya wafanyakazi, ile iitwayo PAYE, yaani lipa kadiri upatavyo, hukatwa na mwajiri kabla mshahara haujakufikia, naye hutakiwa kuiwasilisha kwa Mamlaka ya Ushuru, KRA, kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. P9 ni muhtasari wa mwaka mzima wa makato hayo: mshahara wa kila mwezi, marupurupu, mchango wa uzeeni, kiasi kilichotozwa kodi, nafuu uliyopewa, na kodi iliyokatwa mwishowe. Unapojaza ritani katika mtambo wa iTax, ambao tangu mwaka 2015 umechukua nafasi ya zile fomu za karatasi tulizokuwa tukipangia foleni, habari za P9 huingia mahali pawili. Katika Sehemu F unaeleza mwajiri alikuwa nani na alikulipa nini. Katika Sehemu M unaeleza ni kodi kiasi gani alikukata. Mahali pote pawili huulizwa PIN ya mwajiri. Bila namba hiyo huwezi kusogea mbele, na hapo ndipo wengi hushawishika kumwacha mwajiri huyo kana kwamba hakuwahi kuwako.

Tutazame kwa hesabu, maana hapa maneno matupu hayatoshi. Chukua mfano wa mfanyakazi aliyekuwa katika ghala moja tangu Januari hadi Julai mwaka 2024, akahamia kazi nyingine tangu Agosti hadi Desemba. Katika kazi ya kwanza, baada ya kuondoa makato yanayoruhusiwa, mshahara wake wa kutozwa kodi ulikuwa shilingi 36,000 kwa mwezi. Katika kazi ya pili ulikuwa 40,000. Kwa viwango vya mwaka huo, shilingi 24,000 za kwanza za mwezi zilitozwa asilimia 10, shilingi 8,333 zilizofuata asilimia 25, na zilizozidi hapo, kwa mtu wa kipato chake, asilimia 30. Kisha kila mwezi hupunguziwa nafuu ya shilingi 2,400. Tuache kando nafuu nyingine ndogondogo. Mwajiri wa kwanza alimkata shilingi 3,183 kwa mwezi, jumla 22,283 kwa miezi saba. Wa pili alimkata 4,383 kwa mwezi, jumla 21,917 kwa miezi mitano. Zote pamoja ni shilingi 44,200.

Akijaza waajiri wote wawili, mapato yake ya mwaka ni shilingi 452,000, kodi yake baada ya nafuu ya mwaka ya shilingi 28,800 ni 44,200, na kodi aliyokwisha katwa ni 44,200. Hadaiwi wala hadai. Anafunga kompyuta anakwenda nyumbani.

Sasa tuseme hana P9 ya ghala, akaamua kumwacha mwajiri wa kwanza. Mtambo unaona mapato ya shilingi 200,000 tu. Kodi ya kiasi hicho kwa mwaka ni 20,000, nayo inamezwa yote na nafuu ya 28,800. Kwa hiyo mtambo unaamini kwamba zile shilingi 21,917 alizokatwa na mwajiri wa pili zilikatwa kimakosa, na kwamba Serikali inapaswa kumrudishia. Mtu huyu maskini, ambaye alitaka tu kumaliza kazi, amejikuta anadai fedha za umma zisizo zake. Na ikiwa ghala lilipeleka orodha zake za kila mwezi, zile ziitwazo P10, basi jina lake na PIN yake zimo mle ndani miezi saba mfululizo. Siku moja mtu atazilinganisha karatasi hizo.

Kosa la upande wa pili huumiza zaidi mfukoni. Mtu anakumbuka mapato ya ghala na kuyaandika Sehemu F, lakini kwa kuwa hana uhakika wa kodi iliyokatwa, anaiacha Sehemu M wazi. Mtambo unahesabu kodi ya mwaka mzima, unaondoa ile ya mwajiri wa pili tu, na kumwambia anadaiwa shilingi 22,283. Hizo ni fedha ambazo tayari zilikwisha toka katika jasho lake. Asipozilipa, huongezwa adhabu ya asilimia 5 na riba ya asilimia 1 kila mwezi. Nadhani sasa waona, msomaji, kwa nini sehemu hizo mbili lazima ziende pamoja kama mguu wa kulia na wa kushoto.

Basi tutafute hiyo PIN. Kabla ya kumkimbilia mtu yeyote, fungua ritani yako katika iTax na utazame. Siku hizi mtambo mara nyingi hujaza wenyewe baadhi ya nafasi kutokana na habari zilizopelekwa na waajiri. Ukimkuta mwajiri wako yumo, nusu ya safari imekwisha, ingawa usikubali tarakimu zake bila kuzilinganisha na hati zako. Usipomkuta, hiyo nayo ni habari, tena ya kutia wasiwasi, na tutairudia hapa chini.

Namba yenyewe ina herufi mwanzoni, tarakimu tisa katikati, na herufi nyingine mwishoni. Ya mtu binafsi huanza na A, ya kampuni huanza na P. Tazama hati zako za mshahara, au pesilipi kama wengi tusemavyo, kwani kampuni nyingi huichapa kichwani au chini kabisa. Tazama P9 ya mwaka mwingine wowote kama uliwahi kupewa, maana PIN haibadiliki mwaka ukibadilika. Waulize wenzako mliofanya kazi pamoja. Mmoja wao huenda alipata fomu yake, na namba ya mwajiri wenu ni moja. Kuna njia nyingine ambayo wengi hawaifikirii: ikiwa mwajiri wako aliuza bidhaa au huduma, PIN yake huwa imechapwa katika risiti za kodi anazowapa wateja. Mtu aliyefanya kazi katika duka kubwa au hoteli anaweza kuipata kwenye risiti ya mkate. Ukishaipata, ihakiki. Katika ukurasa wa iTax kuna mahali pa kukagua PIN, unaandika namba nawe unaonyeshwa jina la mwenyewe. Usishangae ukikuta jina la kampuni halifanani na lile lililoandikwa langoni, kwani biashara nyingi zina jina la mtaani na jina la kwenye vitabu vya msajili. Bali ukikuta jina la kampuni nyingine kabisa, usiitumie namba hiyo eti kwa kuwa mtambo umeikubali.

Baada ya PIN, tarakimu. Mwenye hati za mshahara za miezi yote anaweza kujitengenezea P9 yake juu ya daftari la shule: safu moja ya mwezi, nyingine ya mshahara wote, nyingine ya mchango wa NSSF, nyingine ya kodi. Jumlisha chini. Tahadhari moja tu: usichukue hati ya mwezi mmoja ukaizidisha kwa kumi na mbili. Mwaka 2024 ni mfano mzuri wa hatari hiyo. Hadi Septemba wafanyakazi walikuwa wakikatwa mchango wa NHIF, na kuanzia Oktoba ukaja wa SHIF wa asilimia 2.75. Ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 ulirudi kwa sheria mpya mwezi Machi. Kisha mwishoni mwa Desemba sheria ikabadilisha namna makato hayo yanavyohesabiwa kabla ya kodi. Hati ya Januari na ya Desemba za mtu mmoja, mwenye mshahara uleule, hazikufanana.

Asiye na hati zote atumie alizonazo pamoja na taarifa ya benki. Lakini akumbuke kwamba benki huonyesha kilichobaki baada ya makato, kwa hiyo tarakimu ya benki si mshahara wa kuandika Sehemu F. Faida yake ni kuthibitisha kwamba mwezi fulani ulilipwa, na nani alilipa. Hali kadhalika taarifa ya michango ya NSSF huonyesha mwajiri na miezi aliyokuchangia. Ikiwa michango inaonekana hadi Julai, si rahisi mtu akakwambia kwamba uliacha kazi Aprili.

Kisha sheria nayo iko upande wako zaidi ya unavyodhani. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 20, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi ya mshahara na makato yake wakati wa kumlipa. Kifungu cha 51 kinamtaka ampe cheti cha utumishi anapoondoka, chenye jina na anwani ya mwajiri, tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza kazi. Kumnyima mtu cheti hicho kwa makusudi ni kosa, wala haijalishi mliachana kwa wema au kwa matusi. Nimewasikia watu wazima wakisema, “Aliniambia hanipi kitu kwa sababu niliondoka bila notisi.” Madai ya notisi yana mahali pake. Cheti ni haki nyingine.

Ukishakusanya ulichoweza na bado kuna pengo, nenda katika ofisi ya KRA iliyo karibu, au dawati lao katika Kituo cha Huduma. Nenda mapema Juni, au afadhali Mei. Tarehe 28 hata karani mwenye moyo wa dhahabu hana nafasi ya kukusikiliza. Chukua kitambulisho, hati za mshahara, barua ya kuajiriwa, taarifa ya benki. Uliza swali mahususi: je, katika mwaka fulani, mwajiri fulani aliwasilisha PAYE kwa PIN yangu, miezi ipi, na kiasi gani? Swali la jumla hupata jibu la jumla. Sheria pia inaruhusu kuomba kwa maandishi kuongezewa muda, lakini ombi hilo ni la mtu anayejitayarisha mapema, halimfai aliyekumbuka usiku wa Juni 30.

Na ikiwa pamoja na yote hayo siku imefika na tarakimu moja au mbili bado zina mashaka? Jaza kwa tarakimu bora unazoweza kuzitetea kwa karatasi, uwasilishe kwa wakati. Anayechelewa hutozwa asilimia 5 ya kodi yake au shilingi 2,000, kiasi kilicho kikubwa, na adhabu hiyo huhesabiwa kwa kila mwaka uliorukwa. Kwa upande mwingine, Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015 inakuruhusu kurekebisha ritani yako ndani ya miaka mitano. P9 ikijitokeza Septemba, unarudi unasahihisha. Kijana anayetafuta kazi ya umma hulijua jambo hili kwa uchungu: anaombwa hati ya KRA ya kuthibitisha kwamba hana deni la kodi, naye anakuta mtambo umemhifadhia adhabu za miaka minne.

Sasa turudi kwa yule ambaye mwajiri wake haonekani kabisa katika mtambo. Huenda mwajiri alikosea PIN yako alipoandika orodha. Huenda pia alikata kodi yako kila mwezi na asiipeleke popote. Hili la pili ni wizi, na wanaofanya hivyo wamo miongoni mwetu, hata wenye magari mazuri. Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 470, inaihesabu kodi iliyokatwa kutoka mshahara kuwa imelipwa na mfanyakazi. Deni ni la aliyekata. Lakini ili uingie chini ya kivuli cha sheria hiyo lazima uonyeshe kwamba kweli ulikatwa, na shahidi wako mkuu ni hati ya mshahara. Kwa hiyo iandike kodi hiyo katika Sehemu M, wasilisha nakala za hati zako ofisini kwa maandishi, na uwe tayari kwa barua kadhaa na safari kadhaa. Sitakudanganya kwamba ni jambo la siku moja.

Aliye katika hali ngumu kuliko wote ni yule aliyelipwa fedha taslimu, akatia sahihi katika kitabu cha msimamizi, na asipewe karatasi yoyote: fundi wa mjengo, mpishi wa mkahawa, yaya. Huyu mara nyingi hajui hata kama “kodi” aliyoambiwa imekatwa ilikuwa kodi. Kama bado uko kazini namna hiyo, anza kudai hati mwezi huu, kwa upole lakini kwa maandishi. Ujumbe wa simu nao ni maandishi.

Neno moja kwa wenye nyumba. Karatasi hizi zinastahili kukaa sanduku moja na hati ya shamba na vyeti vya kuzaliwa, na mume na mke wote wajue sanduku liko wapi. Mtu akifariki, msimamizi wa mirathi yake ndiye hubaki kuulizwa habari za kodi yake, na mjane asiyejua hata jina kamili la kampuni ya marehemu hupata taabu mara mbili.

Mwisho, barua ya kumwomba mwajiri P9. Haihitaji wakili, na ukiweza ipeleke mwenyewe, ugongewe muhuri juu ya nakala yako. Ikiwa ofisi imefungwa, mtu yeyote anaweza kuomba kwa Msajili wa Kampuni majina ya wakurugenzi na anwani iliyosajiliwa, akaituma huko kwa posta ya rejista na kuhifadhi risiti. Iandike hivi:

“Kwa Meneja. Nilikuwa mwajiriwa wenu tangu tarehe fulani hadi tarehe fulani, namba yangu ya kazi ni hii, na PIN yangu ni hii. Naomba fomu yangu ya P9 ya mwaka fulani, PIN ya kampuni, na cheti changu cha utumishi kwa mujibu wa kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Kodi ilikatwa katika mshahara wangu kama inavyoonekana katika nakala nilizoambatisha. Naomba nijibiwe katika muda wa siku 14, kwa kuwa natakiwa kuwasilisha hesabu yangu kabla ya Juni 30. Nakala ya barua hii nimejiwekea kwa ajili ya kuionyesha KRA.”

Tia sahihi, andika tarehe, na hati zako za asili zibaki nyumbani. Ambatisha nakala peke yake.